Kinanda cha Mama Mchina

Mimi tangu utoto ni mtu wa kuuliza maswali, na mdomo huu umeniponza si haba. Kwa hivyo mama mmoja Mchina alipofika kijijini kwetu Kathonzweni miaka ya themanini, pamoja na mumewe aliyekuja kuchimba visima, nilikuwa wa kwanza kubisha mlangoni kwake. Watu walikuwa wakisema amekuja na jeneza. Jeneza! Nikaapa sitoki pale mpaka nione.

Lilikuwa sanduku refu, na ndani mlikuwa na kinanda cha nyuzi ishirini na moja. Lakini nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika safarini, na nyingine alizoagiza kwao hazikuwa zimefika. Basi nikabaki na kiu yangu. Zaidi ya mwaka mzima nilipita kwake nikitoka shuleni nilikofundisha, na kila mara nilimuuliza, "Mama, nyuzi zimekuja?"

Badala ya muziki akanipa habari zake, kwa Kiswahili alichookota sokoni. Babake alianza kumfundisha akiwa na miaka saba, akimfungia kucha za bandia vidoleni kwa plasta. Alipiga kwenye kumbi kubwa mpaka wakamfanya kiongozi wa okestra ya watu sitini. Siku ya kwanza, wanaume wa ngoma hawakumtazama hata kidogo.

"Ukafanya nini?"

"Nikashusha mikono. Nikasimama tu. Wakachoka wao."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mimi niliongoza kwaya ya kanisa letu, na wanakwaya wangu walimfuata nyanya mmoja aliyezoea kuzianzisha nyimbo, huku mimi nikipunga hewa kama anayefukuza nzi.

Nyuzi zilifika wakiwa wamebakisha wiki moja kurudi kwao. Akaniambia atapiga wimbo mmoja kanisani Jumapili, kutuaga. Jumatatu wangeondoka. Jumamosi alikuja kanisani, akamwomba yule nyanya atoe sauti, akakipatanisha kinanda na sauti hiyo mchana kutwa. Mimi nilikuwa shambani nikipura mbaazi, nikikasirika kwamba nimekosa kuona.

Jumapili nilifika mapema kufagia. Kinanda kilikuwa mbele, kimefunikwa leso. Nikafunua, nani angejizuia? Kila uzi ulikuwa umeinuliwa na kibao kidogo, na vibao vyenyewe vimesimama upande upande, hiki huku, kile kule. Mimi ni mwalimu. Madawati yakienda upande silali. Nikafuta vumbi, kisha nikavisogeza vyote kimoja kimoja vikae mstari ulionyooka. Nikafurahi sana.

Ibada ikafika zamu yake. Akavaa kucha, akapitisha mkono mara moja. Woi! Sauti zikatoka ovyo, hata mbwa wa nje alinyamaza. Akaviangalia vile vibao, na hapo ndipo akili ilinijia kwamba ule upande upande ndio uliokuwa sauti zenyewe.

Nikasimama mbele ya watu wote. "Ni mimi nimeviharibu. Nilikuwa nikisafisha."

Hakunigombeza. Alimwita nyanya, nyanya akatoa sauti, naye akasogeza kibao, akavuta uzi, akasikiliza, akasogeza tena. Uzi baada ya uzi. Watu, ambao hawakuelewa nimeharibu nini, walidhani huo ndio wimbo wa Wachina, nyanya akiimba na kinanda kikijibu, na uzi wa mwisho ulipokubali, akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akasema, "Bwana asifiwe, tumebarikiwa," akafungua Biblia akaanza kuhubiri.

Nikainuka kumkatiza. Mama akanishika sketi. "Acha, Mwalimu. Wamefurahi."

Sikusikia neno hata moja la mahubiri yale. Nilijichukia.

Jumatatu asubuhi nilikimbia mpaka kwao. Sanduku lilikuwa limeshafungwa kamba juu ya gari, na mumewe alikuwa amekaa ndani akipiga honi. Nikamwambia, "Mama, basi niimbie kwa mdomo tu."

Akasema hajawahi kuimba mbele ya mtu. Kazi yake ilikuwa vidole, halafu mikono. Kisha akanishika mkono akaimba palepale barabarani, wimbo wote, mumewe akatoa kichwa dirishani kwa mshangao. Kusema kweli, sauti yake ilikuwa mbaya. Nililia kama mtoto, na sikumwambia aache.