Ngombe Yenye Nilichemusha Maziwa Yake

Ninyi vijana wenye mutasoma hii, musiseme bakoko wenu, babu na nyanya zenu, walikuwa wajinga. Tulikuwa tunasikia kila kitu. Kufanya ndiyo ilikuwa mbali.

Huku juu ya Masisi, kwetu watu wa ngombe, maziwa haikuwa inapikwa. Mama mukwe aliniambia mapema: ukiweka maziwa kwa moto, chuchu za ngombe zitapasuka, na ngombe itakauka. Nilimwamini. Wote tuliamini.

Halafu pikipiki ya watu wa afya ikaanza kupita na megafone, ile ya kupaza sauti: "Chemusha maziwa, maziwa mbichi inaleta ugonjwa." Wanaume wa kando ya barabara walikuwa wanajibu: "Kaka, pitia kwanza kwa ngombe, uiulize kama inakubali." Watu wanacheka, pikipiki inaenda, jioni kila muntu anakunywa yake mbichi. Wale wa afya wakabandika na picha ya maziwa kwa moto, kwa mulango wa kanisa. Tukasema picha ni nzuri.

Mimi pia singebadilika. Lakini bibi ya kijana wangu, muka mwana wangu, mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka, na sasa alikuwa na ingine. Nikamusindikiza kwenye kituo cha afya. Muganga wa pale, mama mumoja mukali kama mimi, hakutupigia kelele.

"Asubuhi anakunywa nini?"

"Maziwa."

"Imechemuka?"

Nikatikisa kichwa. Akasema kuna ugonjwa ya ngombe yenye inapita katika maziwa mbichi, na inaweza kutoa mimba. Hakusema ndiyo ilitoa ile ya kwanza. Alisema inaweza. Nikaona huyu hanidanganyi.

Nyumbani muzee wangu, bwana yangu, akakasirika. "Mama, ngombe zikikauka, huyo muganga wako atatupa zingine?"

"Papa, nitachukua moja tu. Ile baba yangu alinipa. Ikikauka, imekauka yangu."

Nikawa nachemusha maziwa ya ile ngombe peke yake, na muka mwana anakunywa hiyo tu. Kila nikikamua, napapasa chuchu. Muzee naye anainama nyuma yangu kuangalia. Nikigeuka, anasema alikuwa anapita tu. Majirani wakakuja kuuliza: "Dada, bado haijapasuka?"

"Ikamue mwenyewe."

Wakakamua. Chuchu laini, ndoo inajaa. Mama mumoja, yule alikuwa anacheka megafone kuliko wote, akaenda kwake bila kuaga, na moshi ikatoka kwa jiko yake. Kwa hiyo mukitaka muntu abadilike, piganeni na kile anaogopa. Kelele peke yake anaizoea.

Mutoto akazaliwa, musichana, anashinda ile megafone kwa sauti. Nikaita watu wote ya nyumba jikoni, muzee pia, nikawaambia: "Kuanzia leo, maziwa ya ngombe zote ipite kwa moto kabla ya kufika kwa midomo. Mwenye hataki, akunywe maji. Na hiyo maji pia, muichemushe."