Mkate Usiotiwa Chumvi

Miaka kumi na tisa nimepika mikate ya aina mbili katika nyumba hii: ya watu, yenye chumvi, na ya nyani, isiyo na chumvi. Ya watu ikiungua, mume wangu Gharamallah hula tu, hasemi neno. Ya nyani lazima aionje kwanza. Humega kipande, akakitafuna taratibu, macho kayafumba, na akiridhika kwamba hakina chumvi hata punje, huitia mikate kwenye gunia akaondoka. Mimi humwambia, "Baba Mastur, hao nyani wako wana bahati, wanaonjewa chakula kama masultani." Yeye hunijibu kwamba mimi sijui lolote. Ni kweli, na wala sikutaka kujua.

Sisi ni watu wa milimani, juu ya mji wa Baha, huku Arabuni, na nyani tumezaliwa tukawakuta. Zamani walikaa kwao magengeni na sisi tukakaa kwetu. Siku hizi watu wa mjini wanapanda na magari yao, wanasimama barabarani, wanawarushia ndizi na biskuti ili wapige picha, kisha wanashuka zao na kutuachia sisi wanyama waliosahau kujitafutia. Nyani wa sasa anafungua friji. Anafungua bomba akanywa, kulifunga hafungi. Komamanga analiuma mara moja tu, analitupa, anachuma jingine.

Kazi ya Gharamallah ni kizimba. Vile vitundu vidogo vya kukamata mnyama mmoja anavidharau, maana ukimkamata nyani mmoja wenzake wakamwona, umewafundisha arobaini, na hao hutawaona mtegoni mpaka unaingia kaburini. Kizimba chake kina ukubwa wa chumba, chuma na wavu mtupu. Mlango unapandishwa juu ukashikwa na pini, na pini imefungwa kamba inayokwenda hatua arobaini hadi nyuma ya ukuta. Siku kumi na mbili anawawekea mkate ndani, mlango uko wazi. Siku ya kwanza hawasogei. Siku ya nne wanaingia vijana, wale wasiosikia la mkuu. Kufika siku ya tisa wameingia mama na watoto mgongoni. Dume lao kubwa huingia mwisho kabisa, na likishaketi mle likala kwa raha, basi, wako wote. Siku ya kumi na tatu Gharamallah anavuta kamba. Lori la idara ya wanyamapori linakuja kuwachukua, na yeye anarudi nyumbani hataki kusemeshwa na mtu.

Sasa mnaelewa habari ya chumvi. Kwetu, aliyekula mkate wako wenye chumvi humgusi mpaka zipite siku tatu na theluthi, hata awe adui wa ukoo wako. Na huyu mwanamume, ambaye kazi yake ni kulisha kisha kufunga mlango, alijitafutia njia ya kupata usingizi: aliwalisha bila chumvi. Barazani walimcheka, wakamuuliza kama ameshawachinjia kondoo hao wageni wake. Alicheka nao. Chumvi hakutia.

Basi mwaka jana nyani wakamwandama wifi yangu.

Fidha ni dada mkubwa wa Gharamallah, mjane, nyumba yake iko juu kwenye matuta ya makomamanga, peke yake. Mimi na yeye tumegombana miaka thelathini. Harusini kwangu alisema nina mikono ya mtu asiyejua kukanda unga, na mimi neno hilo sijalisahau, na yeye hajalifuta. Lakini mwezi wa makomamanga nyani waliingia jikoni kwake wakavuta gunia la unga, naye, kwa ujeuri wake, akalishika upande wa pili. Walivutana. Mwanamke wa miaka sabini na dume la nyani. Alivunjika kifundo cha mkono, na gunia likaenda.

Mwanawe Musfir akapanda kutoka Jeddah. Alimwambia mama yake atakuja kumchukua, akakae naye ghorofani. Fidha alilia, jambo ambalo sijawahi kuliona, akasema yeye hajui kukaa mahali ambapo hakuna moto wa kuni wala mtu wa kumpigia kelele. Mwisho Musfir akalegea. Alisema, "Mjomba, nakupa wiki mbili. Nikija Alhamisi ile nikute nyani hawapo, mama anabaki. Nikiwakuta, usinizuie." Gharamallah akaweka mkono kifuani akakubali.

Tukapandisha kizimba kwa gari la jirani. Lakini magoti ya mume wangu yalikuwa yameshakwisha, ngazi za matuta alizipanda siku ya kwanza tu, akashuka akishikwa mabega. Fidha akasema, "Kaka, wewe kaa chini. Mkono mmoja ninao, mkate nitapika na kuwapa mimi." Kila asubuhi akawapelekea. Jioni alipiga simu akatoa taarifa: leo wameingia watatu, leo mmoja amenifuata hadi mlangoni kuuliza. Nilimsikia anacheka. Siku ya kumi na moja alisema dume kubwa limeingia, na lina jicho moja bovu, masikini, pengine ndiyo maana lina hasira. Nikamwambia wifi, hilo ndilo lililokuvunja mkono. Akasema anajua.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumatano. Tulimpandisha Gharamallah hatua kwa hatua, akipumzika kila tuta, mpaka akaketi nyuma ya ukuta na kamba mkononi. Fidha alikuwa ameshaweka mkate, akaja kuketi nasi na dele ya kahawa na kikapu chenye mabaki ya mkate. Mimi nilikula vipande viwili. Kupitia tundu la ukuta tuliwaona wakiingia, mmoja mmoja, hawana hata wasiwasi, kama thelathini hivi. Dume likaja. Likasimama kizingitini, likatazama huku na huku, likaingia.

Gharamallah alinyoosha mkono kikapuni bila kutazama. Ni mazoea tu, kuonja. Akatafuna, taya ikasimama.

"Dada," akasema, "mkate huu ndio uliowapa?"

"Ndio huohuo. Ninapika mmoja mkubwa, ninawakatia, unaobaki ninakula mimi."

"Una chumvi."

"Sasa mkate unapikwaje bila..." Fidha akaanza, halafu akaziba mdomo.

Hakuna aliyemwambia, wallahi. Miaka kumi na tisa jambo lile lilikuwa kati yangu na mume wangu na mzaha wa wanaume barazani. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwanamke wa miaka sabini, ukimpa unga na ukimwambia kuna wanaokuja kula, mkono wake utaingia kwenye chumvi wenyewe. Na mimi niliyekula vipande viwili sikuona ajabu. Nilimbana kiwiko nikamnong'oneza aseme ule wa nyani aliupika kando. Hakunitazama hata kidogo.

"Nimetia," akasema. "Kwa mkono wangu. Siku zote kumi na tatu."

Gharamallah akauchukua mkono wake mzima, akauweka juu ya kamba. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Wewe ndiye uliyewalisha. Siku tatu na theluthi hatuna, mwanao anakuja kesho. Ukisema vuta, ninavuta, na dhambi nitaibeba mimi."

Fidha akachungulia tunduni kwa muda mrefu. Niliona macho yake yanatoka kwenye kizimba yanakwenda kwenye makomamanga, yanakwenda kwenye moshi wa jiko lake, yanarudi. Akautoa mkono wake na wa kaka yake kwenye kamba.

"Waache wamalize kula," akasema.

Kamba ilibaki chini, mbele ya mguu wangu. Ningeweza kuvuta. Mimi sikuwalisha, na nilikuwa na hasira ya kutosha wanyama mia. Lakini wote tulikuwa tumekula mkate mmoja asubuhi ile, sisi na wao, na mguu wangu haukusogea. Nyani wakamaliza, wakatoka, dume likiwa la mwisho.

Musfir alikuja Alhamisi adhuhuri akawakuta ukutani wamejipanga. Fidha ndiye aliyesema, "Ni mimi, nilitia chumvi." Kijana wa watu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alidhani mama yake anatania. Alipoona hakuna anayecheka naye, akabeba sanduku la mama yake. Akaahidi kwamba siku nyani watakapoondoka, mama atarudi. Fidha akanikabidhi ufunguo, akaniambia nisimwagilie mnanaa wake maji mengi kama kawaida yangu ya kuharibu vitu.

Gharamallah alihesabu siku tatu na theluthi, saa kwa saa. Zilipotimia akaanza upya, na mkate wangu, usio na chumvi. Kila asubuhi alipanda yale matuta kwa fimbo mbili, mimi nyuma yake. Nyani walikuja. Walishika kipande, wakanusa, wakauma, wakatema. Walimtazama wakasubiri. Makomamanga yalikuwa yameiva pande zote, njaa hawakuwa nayo, walichofuata kwenye kizimba kile ni chumvi ya Fidha. Siku sita, siku kumi, siku ishirini. Akajaribu tende, wakazinyakua za mlangoni wakakimbia, ndani hawakuingia. Nilimwona mume wangu ameketi nyuma ya ukuta, kamba mapajani, amesinzia, na nyani wamekaa juu ya ukuta uleule wanamtazama.

Na simu kila jioni. Mwanzo Fidha alikuwa akiuliza, "Wameingia?" na akijibiwa bado, anatukana kidogo, tunacheka. Mkwe wake ni mwema, hamruhusu hata kuosha kikombe. Mkate unaletwa mlangoni. Baada ya mwezi akaacha kuuliza. Akawa anasema tu analala sana mchana. Jioni moja akasema, "Azza, leo nimekanda unga, mikono imesahau." Na mimi, niliyemngojea mwanamke yule aseme neno kama hilo kwa miaka thelathini, nilikata simu nikalia.

Asubuhi yake nilipika mikate ya nyani. Nikatia chumvi, na samli juu yake. Nilijiambia dhambi hii ni ya mpishi, mwenye kamba hajui kitu, na hilo Mungu ataliona. Nikaifunga kwenye kitambaa nikaiweka mbele ya Gharamallah.

"Umetia?" akaniuliza, kama anavyouliza siku zote.

"Sikutia."

Akafungua kitambaa, akamega kipande. Nilimwomba Mungu aache siku moja tu, lakini aliweka mdomoni, akafumba macho, akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu. Kisha akameza, akafungua macho akanitazama, na sisi tumeoana miaka mingi mno kwa mmoja wetu kujificha.

Akafunga kitambaa vizuri, akachukua fimbo zake, tukapanda.

Kwa siku mbili waliingia wote. Siku ya tatu lile dume lenye jicho bovu lilipoketi na kuanza kula, Gharamallah alivuta. Mlango ukashuka. Sitasimulia makelele yao. Lori lilikuja adhuhuri, na yeye akakaa kando ya kizimba mpaka lilipofika, hakutaka kivuli wala maji.

Wifi alirudi Jumanne iliyofuata. Alianza kunigombeza tangu getini kwa ajili ya mnanaa, akawasha moto, akapika mkate wake wa makaa, akaumega akampa kaka yake kipande cha kwanza, kama wanavyofanya tangu utotoni. Gharamallah akakishika, akakirudisha kikapuni polepole. Alisema daktari amemkataza chumvi, ana presha.

Presha hana. Kizimba ameiachia idara, kazi hafanyi tena, na mimi bado ninapika mikate ya aina mbili: yangu yenye chumvi, na ile ya zamani ya nyani, ambayo anakula yeye.