Geti la Njia ya Bondeni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, nilikuwa majini hadi kifuani, mguu wangu wa kushoto umo kinywani mwa mamba, na pale juu ya ukingo alikuwa ameketi mtu mwenye ufunguo. Nilimwita kwa jina lake. Idrisa wee, Idrisa, nakufa. Akasimama, akatazama mtoni, kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake. Baadaye alisema hakuwa na ruhusa ya kuacha geti.

Niliokoka kwa kidole gumba. Marehemu baba aliniambia mamba mwili wote ni jiwe, mahali laini ni jichoni tu, basi nikalitafuta jicho nikazamisha kidole mpaka akafumbua kinywa. Nikajiburuza hadi kwenye matete, nikapiga ukelele mwingine, safari hii si kwa Idrisa, kwa yeyote. Bondeni debe likalia. Likafuata la pili. Aliyepiga la kwanza ni mume wangu Mohamedi, aliyekuwa dunguni na homa, hata uji wake ndio niliokuwa nampelekea. Alishuka akitetemeka, akaja na panga na majirani nyuma yake, wakanibeba.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia vizuri sana, na guu likavunjika vilevile, maana mkuu mwenyewe alikuwa Hatibu Lugongo. Ngoja nirudi nyuma uelewe.

Sisi nyumba zetu ziko juu na mpunga wetu uko bondeni. Mpunga ukitoa masuke tunahamia kwenye madungu, vile vibanda vya miguu mirefu, kuulinda usiliwe na nguruwe, ngedere na ndege. Na dunguni kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Mwenzio akipiga debe au akipaza sauti, unaitika. Uwe unakula, uwe umenuna naye, unaitika kwanza, mengine baadaye. Mimi na Somoe, jirani yangu wa bondeni, tuliwahi kumaliza msimu mzima hatusemezani kwa sababu ya kuku, lakini nikigonga debe yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunijibu, tena kwa hasira. Anayenyamaza tunajua amekufa, au hana utu.

Sasa hilo geti. Neno lenyewe si letu, la Kizungu. Sisi tulikuwa na mlango wa nyumba na ugo wa ua. Hata mto wetu, pale unapoingia baharini, tunasema una milango, na sijasikia hata mmoja uliotiwa kufuli. Geti nilikutana nalo kwanza shuleni, ambako sikukaa sana; ukichelewa unafungiwa nje, kisha unachapwa kwa kuwa nje. Likaja geti la ushuru barabarani, gunia lako la ufuta likasimamishwa kabla halijafika Ikwiriri. Ukielekea Mloka kuna geti la hifadhi. Tembo hawalijui, wanapita watakako kuja kula mahindi, geti ni la sisi tusio na pembe. Daraja la Ndundu lilipofunguliwa na magari yakaacha kusubiri pantoni, vijana wakarudi kutoka Dar na geti lao jingine, binti asiyetoka kwao wanamwita geti kali. Neno moja, mwanangu, na kazi zote hizo. Ila kila nilipolikuta palikuwa na mtu ameketi kando yake, na mtu huyo hakuwa mimi.

Kwa daraja hilohilo akaja mwekezaji, akapewa shamba pale juu ya bonde. Njia yetu ya kwenda madunguni ilipita katikati ya shamba. Hatibu Lugongo alikuwa mwenyekiti wetu wa kitongoji. Hakuitisha mkutano, hakuuliza mtu. Tuliamka tukakuta nguzo mbili, chuma kikubwa kimening'inia, na Idrisa ndani ya kofia mpya. Linafunguliwa asubuhi, linafunguliwa jioni, kati ya hapo hupiti. Tulipomfuata Hatibu alicheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Hilo ni geti, jamani. Geti ndiyo maendeleo."

Basi mgeni akaja na wenyeji tukaugua. Ndege hawafuati saa za Idrisa. Aliyechelewa asubuhi alikuta masuke matupu ifikapo jioni. Wengine wakaanza kuzunguka kwa mtoni, kwenye matete, na mimi nilikuwa mmoja wao siku Mohamedi alipozidiwa na homa. Idrisa nilimbembeleza kwanza. Nilimwonyesha na uji wenyewe.

"Dada, mie naheshimu kazi," akaniambia. "Zunguka."

Nikazunguka. Yaliyofuata umeshayasikia.

Niliporudi kutoka hospitali nikiwa na gongo la kutembelea, watu walikuja kunipa pole, wakainamisha vichwa, wakasema ndiyo amri ya Mungu. Bibi Kuruthumu, mama yake baba, aliwasikiliza hadi wakamaliza chai. Alikuwa mfupi, meno mawili, na sauti ya kuamsha kijiji.

"Mungu msimsingizie," akasema. "Nguzo zile alichimbia Mungu? Tangu lini mtu akaita bondeni asiitikwe, na nyinyi mkaja kunywa chai? Mnaogopa chuma au mnamwogopa Hatibu, ambaye mie nimemwogesha akiwa na upele?"

Hakuna aliyecheka, ingawa upele ule wengi waliukumbuka.

Akamgeukia Mwalimu Zuhura, aliyekuwa akifundisha shule yetu na ambaye alikuja na kikapu cha machungwa. "Mwalimu, hilo neno Hatibu analolitikisa kama hirizi, huko kwao lina maana gani?"

Mwalimu akaagiza kamusi yake nene iletwe, akasoma taratibu na kututafsiria. Mlango wa uani. Kizuizi cha barabarani. Kilango cha mfereji, cha kuruhusu maji. Hata watu walioingia uwanjani kutazama mpira, kwa ujumla wao, huitwa hivyo. Kisha akageuza ukurasa, akatabasamu. Akasema zamani walitokea watu wa kaskazini, mabaharia, wakahamia huko Uingereza na neno lao linalofanana sana na hilo, na kwao lilikuwa na maana ya njia. Mpaka leo iko miji ambayo mitaa yake ya kale ingali inabeba jina hilo.

Bibi akatafuna chungwa lake. "Kumbe hata wenyewe wanajua," akasema. "Njia ilitangulia. Haya, nani ana miti?"

Miti hiyo, mwanangu, ilikuwa ya dungu. Kesho yake asubuhi wakalijenga mbele ya geti lenyewe, miguu minne, sakafu ya fito, paa la makuti. Bibi Kuruthumu akapandishwa na debe lake. Mimi nikaketi chini na gongo langu, mahali ambapo Idrisa angeniona vizuri.

"Bibi, shuka, hapa pana mwenyewe," Idrisa akasema.

"Nalinda mpunga, mjukuu wangu. Wewe si unalinda chuma? Kila mtu na ndege wake."

Akagonga. Bonde zima likajibu. Sijawahi kusikia kitu kama kile, madebe, mabati, sufuria, sauti za watu, kutoka dungu la karibu mpaka yale ambayo huyaoni kwa macho. Akapumzika, akanywa maji, akagonga tena, na bonde likajibu tena. Somoe naye alikuwemo, debe lake nalijua. Meneja wa shamba akatoka ameziba masikio. Akamwita Hatibu, Hatibu akaja akifoka kwamba tunamtia aibu kwa wageni. Bibi akamjibu kwa debe.

Ikawa hivyo kila kulipokucha. Mwisho wakubwa wa wilaya wakaja kuuliza kelele ni za nini. Penye wengi hapaharibiki neno. Tulikuwa wengi, na neno letu lilikuwa moja. Mkubwa mmoja, mama mtu mzima, akatembea njia yetu kwa miguu hadi bondeni na kurudi, viatu mkononi. Akamuuliza Hatibu mbele ya watu, mkutano wa kukubali geti hili ulikaa lini? Hatibu akatazama viatu vyake mwenyewe. Akaulizwa tena. Hakuitika.

Geti likang'olewa mchana kweupe, kwa vigelegele. Lile geti la chuma hatukulitupa. Tulilibeba mpaka kwenye mfereji unaokata njia kabla ya madungu, pale tulipokuwa tukivuka kwa kuruka, tukalilaza juu yake. Wa kwanza kupita nilikuwa mimi, na gongo langu, nikiwa nimebeba uji. Lipo mpaka leo. Msimu huu umelikanyaga mwenyewe ukienda kuvuna, na nilikuona, ukaruka kidogo ili lilie.

Sasa shika hili. Ukikuta neno geni limesimama njiani kwako, usilipigie magoti. Uliza lina maana ngapi, limetoka wapi, na nani anaketi kando yake. Jirani akiita, itika, hata kama ugomvi wa kuku haujaisha. Na siku wewe ukipewa ufunguo, kwa maana funguo huzunguka, usikubali ukuzibe masikio. Mungu akupe njia nyeupe, mpunga mzito, na majirani wenye madebe. Mguu wako usijue uliyoyajua mguu wangu. Amina.

Bibi yetu amekwishatangulia. Hatibu Lugongo yuko Ikwiriri, ana nyumba ya wageni, watu wanamwita mzee wa busara. Kwake nina swali lilelile la mama wa wilaya, na bado halijajibiwa. Idrisa naye hupita hapa na baiskeli yake, ananiamkia, nami naitikia, ndivyo nilivyolelewa. Lakini sijawahi kumwita tena tangu siku ile. Namwita leo, mbele yako uwe shahidi.

Idrisa. Ulinisikia. Itika.