Vijimeno Nilivyovikwangua kwa Wembe

Jamani, hili nalisema kwa aibu, na msicheke mapema, maana nimejicheka mwenyewe mpaka nikachoka na bado linaniuma.

Miaka ile ya sabini, watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikuwa mchora ramani Kibondo (kalamu tatu mfukoni, kiburi mpaka puani). Nikapewa ramani mbili za mahali pamoja karibu na Makere, ya zamani iliyochorwa kwa mkono na mpya iliyotolewa kwenye picha za ndege, nizilinganishe niseme kilima cha kujenga kiko wapi. Namba za mwinuko zikakubaliana, mistari ikakubaliana, duara juu ya duara, ila duara la ramani mpya lilikuwa na vijimeno vimeelekea ndani, nami, kwa kuwa gari la Kasulu lilikuwa linanipigia honi nje, nikasema hii kalamu imetapika wino, nikavikwangua kwa wembe. Vijimeno vile, ndugu zangu, maana yake shimo.

Mkutanoni Makere shangazi yangu Nyabenda, aliyenilea na kunisomesha, akanyoosha mkono: "Mwana wanje, hapo si kilima, hapo ni mu rufunzo, bondeni kwenye tope, ndipo tunapokata mafunjo ya mikeka."

"Shangazi, ramani haidanganyi," nikamjibu. Wenzake waliojua wakanyamaza, maana mkubwa wa wilaya alikuwa ananiitikia kwa kichwa.

Wiki ile nyumba zikabomolewa, ya shangazi ikiwa ya kwanza. Siku ya kuhamia nikatangulia na bendera niichomeke kileleni, watu nyuma yangu na vitanda, kuku na vyungu, huku nateremka (nani anapanda kilima kwa kuteremka?), nikaingia kwenye mafunjo, mguu wa kwanza ukazama, wa pili ukaufuata, nikakwama topeni hadi kiunoni, bendera juu.

"Kilele kiko wapi, kijana?" mkubwa akauliza.

Watu wakacheka mpaka wakatua mizigo, na walipokwisha kuitua ndipo wakakumbuka kuwa hawana pa kuirudisha.

Shangazi hakucheka. Alinivuta kwa kanga yake, akasema, "Haya, Bwana Ramani, leo nalala wapi?" Masika yote alilala jikoni kwa watu.

Nimeapa sitakwangua tena hata doa la chai kwenye ramani kabla sijamuuliza anayeteka maji pale. Kiapo kizuri, lakini kimechelewa. Nilimpelekea shangazi mbuzi wa kuomba radhi. Mbuzi akampokea, mimi akaniacha nimesimama uani.