Neno Lililopotea Ndani ya Pumzi

Yule fundi magodoro, watu walimpachika jina la Redio, na jina likamkaa. Miaka thelathini alichambua pamba kwenye kibanda kisicho na dirisha, na miaka yote hiyo mdomo wake haukupata likizo. Wateja walileta magodoro yaliyobonyea, wakaondoka wameshika mbavu kwa kucheka. Vumbi la pamba lilimwingia kifuani hukohuko kwenye soga, wala hakulijali.

Sasa Redio amezimika. Anashinda ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka, mishipa ya shingo imemtoka, na kila pumzi inatoka na mlio wake: ha, ha, ha. Wewe na mimi tunapumua bila habari. Yeye anapumua kwa jasho, kama anayesukuma mkokoteni. Daktari aliwaeleza, yeye na mkewe.

"Mzee, hata ukikaa ni kama unapanda ngazi. Unachokula chote kinaishia kwenye kuvuta hewa. Ndiyo maana unakonda."

Mkewe alielewa. Akawa anamlisha kijiko kimoja, anangoja apumue mara nne, anampa kingine. Sahani moja ilichukua saa nzima, na bado mume alibaki mifupa na ngozi.

Dada yake Redio, mwalimu mstaafu mwenye ulimi mkali kama wembe, hakuwepo siku ile kwa daktari. Alikuja Jumapili mchana na gari la kukodi, akamwona mdogo wake, akashika kiuno.

"Wifi, huyu unamlisha au unamwonyesha sahani?"

"Anakula, wifi. Daktari kasema kupumua ndiko kunakommaliza."

"Kupumua? Mimi napumua tangu nizaliwe, na niangalie nilivyo." Kweli alikuwa amejaa vizuri. "Leo naondoka naye."

Machozi yakamlengalenga mke. Redio aliumia kuliko kifua kilivyowahi kumuuma. Mwanamke anayemwogesha, anayelala ameketi ili yeye apate pa kuegemea, leo anaitwa mnyimi ndani ya nyumba yake? Akainua mkono wamsubiri. Akavuta hewa kwa shingo, kwa mabega, kwa tumbo, mpaka akapata ya kutosha maneno mawili tu: hakuninyima chakula.

Lakini ile "ha" ya mwanzo ilitoka pamoja na pumzi, ikapotea kama "ha" nyingine zote za siku hiyo. Kilichosikika chumbani ni "kuninyima chakula".

"Umesikia mwenyewe, wifi," dada akasema taratibu.

Redio akatikisa kichwa, akatikisa tena. Dada akamshika bega. "Usijichoshe, mdogo wangu. Yamekwisha."

Redio akamgeukia mkewe. Yeye angejua, hakuna mlio wa kifua hicho asioujua. Lakini mke alikuwa akimtazama kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

"Hata wewe?" akamuuliza.

Hakungoja jibu, na jibu lenyewe lingehitaji dakika kadhaa. Alifungua kabati, akaanza kukunja mashati ya mumewe, moja baada ya jingine, akiyanyoosha kola kama siku zote, akayatia kwenye mfuko.

Dada na dereva walimbeba hadi garini. Njiani dada alipiga simu kwa ndugu huyu na yule, akiwaeleza alichokikuta. Redio hakumsikiliza. Alikuwa amefumba macho, anakusanya hewa kidogokidogo. Walipokwisha kuvuka daraja ndipo akafumbua mdomo, na safari hii neno likatoka zima.

"Hakuninyima chakula, dada. Hakuninyima."

Dada akabaki na simu mkononi. Alikuwa amesikia vizuri, na dereva pia alisikia, kwa maana alipunguza mwendo na kumtazama kwenye kioo, akingoja kuambiwa ageuze gari.

"Endesha tu," dada akasema, akageuza uso dirishani. "Nimeshawaambia wote."