Koti la Babu

Théodore hakuwa fundi nguo. Alifundisha hesabu huko Bagira, na Jumamosi alishona nguo za zamani, zile alizoziona kwenye picha za familia. Mara moja mke wake, Feza, alivaa gauni alilomshonea la mtindo wa enzi za Wabelgiji, wakacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Alichotamani zaidi kilikuwa koti la kijeshi la babu yake, aliyekuwa askari wa wakoloni. Shangazi Monique, aliyelitunza miaka yote kule Luvungi, alikubali kumwazima.

“Uiangalie tu,” alimwambia. “Papa hakutuachia kitu ingine.”

Théodore akaanza kushona la kufanana nalo. Kola ikalala. Akafumua, akashona tena, mikono ya koti ikajipinda. Kaki ya soko la Kadutu ilikuwa nyepesi, ikavutika kwapani. Mwishowe, kwa hasira, alishika wembe akafumua koti la babu lenyewe, mshono baada ya mshono, ili avitandaze vipande juu ya karatasi na kuvichora. Alijiambia atalirudishia baadaye.

Koti lake likatoka zuri ajabu. La babu halikurudi: kitambaa kilikuwa kimechakaa, kila sindano ilipopita kilichanika. Akavitia vipande ndani ya mfuko, akanyamaza.

Kisha watu wenye silaha wakaingia mjini.

“Papa Gloire, choma ile koti,” Feza alimsihi mumewe kwa jina la mtoto wao. “Bakiikuta hapa, nani atabaeleza kama ni muchezo?”

Akawasha moto nyuma ya nyumba, akatupa lake pamoja na mfuko wa vipande, bila kuchagua. Hakuna aliyekuja kupekua.

Barabara ilipofunguka, shangazi alikuja kuwasalimu, akaulizia koti. Théodore akamweleza yote, macho chini.

“Ile yako, naelewa,” shangazi akasema. “Lakini ya papa ilikuwa vipande tu, mutoto wangu. Vipande vinatisha nani?”

Hilo Théodore hakuwa amelifikiria hata kidogo. Shangazi hakugomba, alikunywa chai, akaulizia masomo ya watoto, kisha akaondoka siku ileile, ingawa alikuja na nguo za kulalia.

Siku hizi Théodore hushona mapazia. Feza akimwomba gauni lingine la zamani, husema macho yamechoka. Macho yake hayana shida yoyote.