Waya wa Mjomba

Mjomba alioa kwa ng'ombe wa mama yangu. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo utamwona mama mjinga, na mama hakuwa mjinga. Kwao ni upande wa Butiama, na huko mahari ya binti ndiyo humwozesha ndugu yake wa kiume. Ng'ombe wa baba hawakukaa sana katika zizi la babu. Walitoka kwenda kumleta mke wa mjomba. Tangu siku hiyo mama alikuwa na sauti katika nyumba ile. Aliingia jikoni kwa wifi yake bila kubisha hodi, akafunua sufuria, akala, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Sisi tuliishi ufukweni, mbele ya Nyegina ukielekea Murangi. Baba alipofariki, mama alitulea kwa tanuri la kubanikia samaki. Wanawake wengi pale walibanika sangara, lakini wenzake walihangaika kutafuta kuni mpaka upande wa Bugwema, wakarudi jioni shingo zimewauma. Mama alikuwa na mikaratusi yake nyuma ya nyumba. Yeye na baba waliipanda miaka ile ya dhiki, duka la kijiji lilipokuwa na rafu tupu na muuzaji aliyekuja kazini kwa mazoea tu. Alikuwa akikata mti mmoja, anauacha uchipue, anahamia mwingine. Samaki wake walikuwa wakavu, wa rangi ya kahawia nzuri, na wakulima wa pamba wa Bunda walimsubiri sokoni. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye moshi ule.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Musoma ikaanza kufura: mitumba, baa, nyumba zikipandana milimani, na umeme uliokuwa hautoshi hata waliokuwa nao. Mjomba, ambaye zamani alikuwa karani wa pamba, akawa diwani, akanenepa shingo. Alasiri moja alikuja nyumbani na wanaume wawili wenye viatu safi mno kwa njia yetu. Waliizunguka mikaratusi wakiitazama kama watu wanaochagua fahali.

"Dada," mjomba alisema, "umeme unakuja huku. Laini itapita hapa hapa. Hii miti ikitoka, wewe ndio wa kwanza kuwashiwa. Utabanika na umeme, uachane na moshi. Macho yako si yanaumwaga?"

Mama alimuuliza swali moja tu: "Ni wewe unasema, au ni hawa?"

"Ni mimi, dada."

Basi. Jirani yetu mmoja, mjane mwenzake, alimshauri adai maandishi. Mama alimcheka. "Mtu ameoa na ng'ombe zangu, anidanganye? Atamwangaliaje mke wake?"

Miti iliangushwa. Mama aliwapikia wakataji ugali na samaki, akawaongezea mchuzi. Lori likabeba magogo yote yaliyonyooka, tukaachiwa matawi. Mama alikwenda Bunda akanunua glopu ya taa, akaifunga kwenye kitenge na kuiweka kabatini katikati ya vikombe vya wageni. Mimi nilicheka. Mungu wangu, jinsi nilivyofurahi! Nilijiona nasomea mezani kama watoto wa mjini.

Nguzo zikasimama, waya ukavutwa, ukapita juu ya tanuri letu bila kushuka. Ulikwenda moja kwa moja hadi kiwanda cha minofu ya samaki kilichojengwa ufukweni mbele yetu, ukagandishe barafu yao. Mama alipouliza, mafundi walimwambia wao wamepewa kazi ya kiwanda. Visiki vikajitahidi kuchipua, na kila vilipofika kiunoni watu wa laini walikuja kuvifyeka, kwamba vitagusa waya. Kiwanda nacho kikawa kinawanunua sangara majini, kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Kilichobaki kwa wanawake wa kijiji kilikuwa mapanki, yaani mifupa ya samaki na vichwa vyake, minofu ikiwa imeshatolewa. Mama akawa anakaanga mapanki kwa mabua ya mahindi. Ahadi ni deni, wanasema. Labda kwa watu wa zamani.

Mwaka uliofuata, nikisoma Musoma, nilimtembelea mjomba. Alikuwa anajenga ghorofa. Zege la juu lilikuwa bichi bado, limeegemezwa kwa mirunda, nguzo nyingi za miti iliyonyooka, yenye harufu niliyoizoea. Hakuona haya. Alipiga mmoja kofi, akatabasamu.

"Hii ni ya mama yako. Mti mzuri sana, hauliwi na mchwa."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikamweleza mama kila neno. Aliendelea kuchochea mabua. "Umesikia vibaya," alisema. "Umeme unachelewaga. Mjomba wako hawezi." Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mjomba. Nilitaka amlaani, avunje ile glopu, afanye chochote. Yeye aliifuta vumbi, akairudisha kabatini.

Vyama vingi vilipokuja, mjomba alihitaji kura kwa mara ya kwanza. Alifika na gari lenye bendera, akahutubia, akaahidi umeme, kisha akaja kula kwa dada yake ili watu wamwone. Mama alimpikia. Mabua yalikuwa na unyevu, jiko likatema moshi mpaka sebuleni. Mjomba alikohoa, akapepea kwa kofia yake ya chama, akanyofoa kipande cha kichwa cha samaki.

"Dada," alisema, kwa upole kabisa, "kwani siku hizi huku hamna kuni?"

Nilimtazama usoni nikitafuta dhihaka. Haikuwepo. Alikuwa amesahau. Mtu yule alikuwa ameangusha maisha yetu, akayaegemeza chini ya zege lake, halafu akasahau!

Mama naye alimtazama, na nikaona anaamini hatimaye kile nilichomwambia. Alinawa mikono. Akaenda kabatini, akatoa glopu katika kitenge chake, akaiweka mezani kando ya sahani ya mjomba.

"Mpelekee wifi yangu," alisema. "Umwambie jikoni kwake sitaingia tena. Mimi sina ng'ombe kwenye ile nyumba."

Mjomba aliacha kutafuna. Nje wapambe wake walikuwa bado wanaimba jina lake, na mimi nikainuka kuondoa vyombo.